Haki ya Mchekeshaji

Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 2015, mmoja wa waliogombea ubunge wa jimbo la Kisarawe, mkoani Pwani, alikuwa Rashid Mwinshehe. Kwa jina hilo wengi wasingemtambua. Kwa jina la Kingwendu, hata mtoto angetabasamu. Alisimama kwa tiketi ya CUF, chama kilichokuwa ndani ya UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, mwaka ule, akashindwa na Selemani Jafo wa CCM aliyekishika kiti hicho tangu 2010. Matokeo hayo hayana ajabu, wala siyaleti hapa ili kupima siasa za Kisarawe. Mpiga kura ana sababu zake, na karatasi ya kura haikutengenezwa kutolea maksi za uigizaji. Kinachonishughulisha ni jambo lililojitokeza pale mtu aliyezoeleka kwa kumwigiza mshamba asiyeambilika aliposimama jukwaani akaomba asikilizwe kama mtu mzima mwenye hoja. Mtazamaji aliyemcheka kwa miaka mingi alilazimika, japo kwa dakika moja, kujiuliza alikuwa akicheka nini. Alicheka ujinga wa mtu yule? Au alicheka ustadi wa mtu mwenye akili timamu aliyejua namna ya kuuvaa ujinga na kuuvua? Anayejibu ndiyo kwa swali la kwanza amekuwa akimdharau binadamu mwenzake miaka yote hiyo bila kujua. Anayejibu ndiyo kwa la pili amekuwa mbele ya fundi.

Hilo ni swali la falsafa, na katika nchi ambayo msikiti na kanisa haviko mbali na mlango wa mtu, ni la dini pia. Filamu za vichekesho za Kiswahili, zile zilizouzwa kwa kanda na baadaye kwa CD, zenye picha iliyofifia, sauti inayokatika na hadithi inayoyumba kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya pili, wasomi huzidharau, mashehe na wachungaji huzitilia shaka, na hata wanaozipenda huzitazama kwa haya kidogo, wakijitetea kwamba wanapoteza muda tu. Je, kuzifurahia ni upuuzi? Nashikilia kwamba si upuuzi, na sababu yangu haihusiani na mafunzo ambayo filamu hizo hudai kuyatoa mwishoni, maana mara nyingi mafunzo hayo ni dhaifu kuliko filamu yenyewe. Sababu iko kwa mwigizaji. Uigizaji mzuri ndio unaokitoa kicheko kwenye dharau na kukifikisha kwenye kumtambua mtu. Mwigizaji mbaya humdhalilisha anayemwigiza hata akiwa na nia njema. Mwigizaji mzuri humheshimu hata pale anapotuvunja mbavu. Ikiwa hivyo ndivyo, basi ubora wa uigizaji hauishii kwenye ladha. Unaingia kwenye maadili, na kuuona popote ulipo, hata ndani ya kazi iliyotengenezwa kwa fedha kidogo na haraka nyingi, ni sehemu ya kumpa mtu haki yake.

Mshamba anayechekwa ana historia ndefu kuliko Kingwendu. Wanaosoma sanaa za maonyesho za Tanzania wameeleza kwamba vichekesho, yaani michezo mifupi isiyoandikwa, vilishamiri wakati wa ukoloni, na mara nyingi aliyekuwa akichekwa ni mtu wa kijijini asiyejua mambo ya mjini: hajui kula kwa uma, hajui kuvaa viatu, hajui karani anataka nini. Kicheko cha aina hiyo kilimfaa mkoloni. Kilimfundisha Mwafrika kujionea aibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilisaidia kutengenezwa kwa filamu za Kiswahili, mojawapo ikiitwa Muhogo Mchungu, nayo ilimhusu mtu wa shamba anayeingia mjini. Aliyeigiza humo alikuwa kijana aliyefanya kazi ya ustawi wa jamii, Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka kumi baadaye, Januari 1962, Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu, aliyeshika nafasi yake alikuwa huyohuyo Kawawa. Sidai kwamba kuigiza kulimpa uongozi. Nasema kwamba yeyote aliyekaa mbele ya filamu ile akaamini kwamba mtu anayemwona kwenye pazia ni bwege, alikuwa amepitwa na kitu kikubwa mno: mbele yake palikuwa na akili kali iliyoamua, kwa saa moja, kujificha nyuma ya uso wa bwege. Na Kingwendu, aliyeshindwa Kisarawe, anatuuliza jambo lilelile ambalo Kawawa, aliyefanikiwa, angeweza kutuuliza. Ushindi au kushindwa hakubadilishi ukweli kwamba mwigizaji na anayeigizwa ni watu wawili.

Ustadi wenyewe uko wapi? Tuanze na King Majuto, Amri Athuman wa Tanga, aliyefariki Muhimbili mwezi Agosti 2018. Filamu zake ni nyingi na zisizolingana. Nyingine hazina mbele wala nyuma. Lakini mtazame anapoambiwa jambo asilolitaka, kwa mfano anapodaiwa fedha. Hajibu papo hapo. Anaacha neno la mwenzake litue, uso unabaki mtupu kwa muda unaozidi kidogo ule ambao mtu wa kawaida angeuvumilia, halafu macho yanaanza kutafuta njia ya kutokea kabla mdomo haujafunguka. Kicheko kinakuja kabla ya neno. Tumeona fikra inavyozaliwa ndani ya mtu, na hiyo fikra ni ya ubahili tunaoujua kwa sababu sisi wenyewe tunao. Au mtazame Mzee Small, Said Ngamba, aliyetutoka Juni 2014, akiwa na Bi Chau aliyeigiza kama mkewe. Wengi humkumbuka Mzee Small kwa maneno yake, na wanasahau kwamba nusu ya kichekesho ilikuwa kwa Bi Chau aliyekuwa akisikiliza. Kusikiliza kwenye uigizaji ni kazi ngumu kuliko kusema. Anayesikiliza vibaya anasubiri zamu yake. Anayesikiliza vizuri anabadilika kadiri mwenzake anavyosema, na sisi tunayasoma maneno ya mume kwenye uso wa mke. Haya yote yalifanyika mara nyingi bila mswada wa kukariri. Waigizaji walipewa kisa kwa ufupi, kamera ikawashwa, wakabaki na akili zao. Mwanafalsafa wa Kifaransa Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, alidai kwamba tunacheka pale mtu anapokuwa mgumu kama mashine badala ya kunyumbulika kama kiumbe hai. Alikosea nusu. Majuto hatuchekeshi kwa kuwa mashine. Anatuchekesha kwa sababu yuko hai kupita kiasi, hata woga wake una vyumba vingi.

Pingamizi la kwanza ni la dini, na halipaswi kupitwa mbio. Katika Uislamu kuna hadithi mashuhuri, iliyopokelewa na Abu Daudi na Tirmidhi, inayomwonya vikali mtu anayesema uongo ili awachekeshe watu. Mwanazuoni Al-Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, aliuweka mzaha miongoni mwa maafa ya ulimi, ingawa hakuufunga mlango wote: aliukataza ule unaozidi na ule unaoumiza. Huko Kisarawe, miongoni mwa Wazaramo ambao wengi wao ni Waislamu, maonyo haya ni hai, si ya vitabuni tu. Basi mwigizaji anayesema yeye ni tajiri wa Kariakoo wakati si tajiri, hasemi uongo? Jibu langu ni kwamba uongo unahitaji anayedanganywa. Anayedanganya anataka uamini. Mwigizaji akikuta umeamini kweli, kwamba unamfuata barabarani kumdai deni la filamuni, anajua jambo limeharibika. Na mapokeo hayohayo ya Kiislamu yanatuhifadhia kisa cha Mtume kumwambia bibi kizee kwamba vizee hawaingii peponi. Bibi akahuzunika, akaelezwa kwamba wataingia wakiwa wamerudishiwa ujana wao. Mzaha ule ulikuwa wa kweli, kwani kila neno lake lilisimama. Ndiyo maana wanazuoni wengi wamepima mzaha kwa vipimo viwili: una ukweli ndani yake, na haumuumizi mtu. Nakubali vipimo hivyo vyote viwili, na nadai kwamba uigizaji mzuri unavipita vizuri kuliko mahubiri mabaya. Majuto mwenyewe aliitwa Alhaji. Waliomwita hivyo hawakuona mgongano wa kutosha kulizuia neno hilo.

Upande wa Ukristo mgogoro ni uleule. Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso, aliuweka mzaha wa kipuuzi kwenye orodha ya mambo yasiyowafaa watakatifu, na mababa wa kanisa wa karne za mwanzo waliuogopa ukumbi wa maonyesho kama nyumba ya mashetani. Lakini Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alipofika kwenye swali la mchezo na mzaha alimfuata Aristotle: roho huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko lake ni burudani, na anayekataa kabisa kufurahi na anayewanyima wengine furaha ana kasoro, hana utakatifu wa ziada. Akaenda mbele zaidi akasema kazi ya mchekeshaji si haramu kwa asili yake, akataja simulizi la mtawa Pafnutio wa Misri, aliyeonyeshwa kwamba mwenzake katika maisha yajayo angekuwa mtu wa burudani. Msomaji makini atanikatiza hapa, na ana haki: katika simulizi la kale mtu yule hakusifiwa kwa kupiga filimbi yake, alisifiwa kwa kumsaidia mwanamke aliyekuwa taabani. Ni kweli. Hata hivyo simulizi halikudai aache filimbi kwanza ndipo rehema yake ihesabiwe. Na sisi tunao mfano wa karibu: Emmanuel Mgaya, Masanja Mkandamizaji wa kundi la vichekesho la Orijino Komedi, ni mchekeshaji aliyegeuka mhubiri. Wapo wanaosema ameacha giza akaingia nuruni. Msikilize akihubiri, ile mizani ya wakati, ule utulivu kabla ya neno zito, ule uwezo wa kuigeuza sauti akawa mama mkwe kisha akawa Farao, ameutoa wapi? Kipaji kimehama jengo. Kama kilikuwa cha shetani kule, sielewi kwa nini kinahubiri vizuri huku.

Lakini hoja yenye nguvu kuliko ya Ghazali na ya Akwino, kwa watu wa wilaya za Pwani kama Kibaha na Kisarawe, haiko kwenye kitabu. Iko kwenye utani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, uhusiano unaohusishwa na misafara ya zamani iliyotoka bara kuja pwani na kurudi, na hakuna mahali utani unaonekana wazi kama msibani. Mtani anaweza kuzuia jeneza mpaka alipwe, anaweza kulala kaburini, na anaweza kumwigiza marehemu: alivyotembea, alivyokohoa, alivyodai chenji yake dukani. Wafiwa wanalia na kucheka kwa wakati mmoja. Mgeni asiyejua atadhani marehemu anakashifiwa. Mwenye mila anajua kwamba anapewa heshima ambayo wasifu unaosomwa kwenye karatasi hauwezi kuitoa, kwa sababu mtani hawezi kumwigiza mtu asiyemtazama. Kabla ya kuiga kikohozi lazima uwe umekisikiliza kikohozi. Utani pia una kanuni ambayo wanafalsafa wa kicheko huisahau: ni wa pande mbili. Leo umenicheka, kesho msiba uko kwako, nami nitakuja. Hiyo ndiyo tofauti kati ya utani na kejeli, na ndiyo mizani ninayopendekeza kwa vichekesho vya skrini. Mwigizaji anayemjua anayemwigiza, na ambaye yuko tayari kuchekwa yeye, anafanya utani. Anayeiga kwa kusikia tu, kutoka juu, anafanya kejeli. Kamera haitofautishi, jicho letu linaweza.

Hapa ndipo linapoingia pingamizi ninaloliogopa kuliko yote, nalo si la shehe wala padri. Ni la mtu anayesema: hao mnaowasifia wamejenga kazi zao juu ya migongo ya wanyonge. Mfupi anaitwa aonekane mfupi, mnene aonekane mnene, mtu wa Pwani aonekane mvivu na mjinga. Katika kipindi cha vichekesho cha Mizengwe cha ITV mwigizaji mmoja alijulikana kwa jina la kabila zima, Mkwere, kabila ambalo Kibaha ni sehemu ya nyumbani kwake. Thomas Hobbes, Mwingereza wa karne ya 17, angeunga mkono lawama hii, maana aliamini kicheko ni fahari ya ghafla ya anayejiona bora kuliko mwingine. Sehemu ya lawama hii naikubali bila masharti. Kuna filamu ambamo mtu mwenye ulemavu anawekwa mbele ya kamera bila kupewa chochote cha kufanya. Mwili wake ndio kichekesho, kisha hadithi inaendelea. Hizo sizitetei, na waliokuwa wakituonya kwamba hujafa hujaumbika walikuwa na jibu la kutosha. Lakini angalia kinachozifanya ziwe mbaya. Zimemnyima mtu nafasi ya kuigiza. Tausi Mdegela, mwenye kimo kifupi, anapopewa nafasi ya kuwa mwanamke mwenye hila, mwenye ulimi, anayempeleka mume puta, dakika mbili hazipiti kabla hujasahau kimo chake, kwa sababu sasa unaifuata akili. Mwili umerudi kuwa mwili tu. Na jina la Mkwere, lililobebwa na mchekeshaji mwenyewe, katika nchi ambayo kwa miaka kumi ilikuwa na rais Mkwere aliyetaniwa kwa kabila lake naye akatania, halikuwa na sumu ambayo lingekuwa nayo mdomoni mwa adui. Kwa hiyo Hobbes ameeleza kicheko kibaya, na amekieleza vizuri. Kicheko kizuri hakukifikia.

Kingwendu naye tumpime kwa mizani hiyohiyo. Mshamba wake anameza maneno, anapinda mdomo, anaingia mahali pasipomhusu na kutoa maoni ambayo hakuombwa. Juu juu, ni yuleyule wa vichekesho vya kikoloni. Lakini kuna tofauti moja inayonitosha: mshamba wa mkoloni aliona aibu, wa Kingwendu haoni. Wanaokunja uso ni wale wa mjini, wenye tai na simu kubwa, na kadiri wanavyojitahidi kumwelewesha ndivyo wao wanavyozidi kuonekana vituko. Huyu ni mtu aliyefika mjini bila kuomba radhi. Kisarawe iko kwenye vilima vya Pugu, jirani kabisa na Dar es Salaam, na kwa zaidi ya karne moja imeutazama mji ule ukikua, ukila misitu yake kwa mkaa na kuchukua vijana wake. Uso usio na aibu wa mtu wa upande huo, mbele ya majivuno ya mjini, una maana ambayo mwandishi wa hadithi huenda hakuikusudia. Mwigizaji ameitia humo kwa namna anavyosimama. Ndiyo maana nasema tumtazame mwigizaji hata pale hadithi inapotuangusha.

Wengine watasema: chema chajiuza. Kama waigizaji hawa walikuwa hodari hivyo, mbona kazi zao hazikuvuka, mbona hazitajwi vyuoni? Methali hiyo ni ya kweli pale sokoni ambapo mnunuzi anaweza kukishika kitu na kukigeuza. Filamu hizi zilipita njia nyingine. Zilirekodiwa kwa siku chache, zikagawanywa sehemu mbili ili ziuzwe mara mbili, zikachezwa kwenye televisheni za mabasi ya mikoani na kwenye vibanda umiza, mabanda yenye mabenchi na joto ambako vijana wa Maili Moja au Mlandizi, huko Kibaha, walilipa kiasi kidogo kutazama chochote kilichokuwepo. Katika vibanda hivyo palikuwa pia na sauti ya Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyekuwa akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya picha, akiwa yeye peke yake ni jambazi, polisi, mpenzi na bahari inayozamisha meli. Hakuna chuo cha sanaa kilichompa tuzo kwa hilo, ila ni kazi ya kuigiza kwa kila kipimo, na ilifanya filamu nyingi za kawaida zisikilizike kuliko zilivyotazamika. Dharau ya wasomi haikutokana na kuzipima kazi hizi na kuziona pungufu. Ilitokana na kutozipima. Mtu aliyesoma tamthilia za Mgiriki Sofokile darasani alihisi hahitaji kumtazama Majuto, wakati Wagiriki wenyewe waliofundisha dunia kulia waliweka mashindano ya vichekesho kwenye sikukuu ileile ya dini, kwa heshima ya mungu yuleyule.

Katuni ndizo zinazodharauliwa zaidi, kwa kuwa zinadhaniwa hazina mwigizaji kabisa. Kibaha ina shule inayojulikana nchi nzima kwa kuchukua wanafunzi wa vipaji maalumu, iliyozaliwa ndani ya mradi wa nchi za Nordic ulioanza mwaka 1963, na vipaji vinavyotafutwa pale ni vya hesabu na sayansi. Sina ugomvi na hilo. Ila mtoto wa mtaa wa jirani anayejifunza hesabu kwa kutazama Ubongo Kids, katuni iliyoanza kurushwa TBC1 mwaka 2014 na kutengenezwa Dar es Salaam, anafundishwa kwanza na sauti. Sehemu ya kumi haitamwingia kichwani mpaka amwamini mhusika anayemwambia, na kumwamini mchoro usio na nyama ni jambo linalofanywa na mtu aliyesimama mbele ya maikrofoni, asiyeonekana, akitafuta mahali pa kupumua. Huko Marekani ilichukua muda kulielewa hili. Mel Blanc, sauti ya sungura wa katuni Bugs Bunny na wenzake, aliomba aongezwe mshahara katika miaka ya 1940, akanyimwa, na badala yake jina lake likaandikwa kwenye filamu, jambo ambalo halikuwa kawaida kwa wenye sauti. Yowe la paka Tom anayeumizwa na Jerry, lililosikika hadi vijiji vya Pwani bila kuhitaji tafsiri, lilitoka kwenye koo la William Hanna, mmoja wa waumbaji wa katuni hiyo. Watoto wetu wamelicheka yowe hilo vizazi kadhaa. Kucheka yowe la maumivu kungekuwa ukatili kama lisingekuwa limeigizwa kwa kipimo: refu kidogo kuliko maumivu ya kweli, likikatika mahali ambapo maumivu ya kweli hayakatiki. Mtoto anaisikia tofauti hiyo kabla hajaweza kuieleza. Anajifunza, bila mwalimu, kwamba kuna kulia kunakomtaka akimbilie msaada na kuna kulia kunakomruhusu acheke.

Kuhusu kupoteza muda sina mengi. Anayekaa kibandani kutwa nzima huku shamba likiota majani ana tatizo la shamba, na angeweza kuwa nalo kwa kukaa kwenye bao au kwenye siasa za kijiweni. Jambo lililo halali likizidi linadhuru. Hilo linajulikana kwenye kula na hata kwenye ibada.

Kinachobaki ni deni. Mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, mikataba yake ilifika mezani kwa waziri aliyehusika na sanaa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, na nchi ikashtuka kusikia kwamba mtu aliyechekesha kila nyumba hakuwa amevuna kwa kadiri alivyopanda. Mshtuko ule ulikuwa wa kweli, ila ulichelewa, na chanzo chake kimojawapo ni namna tulivyokuwa tukimtazama. Kitu unachokiita upuuzi huoni sababu ya kukilipa vizuri. Jamii iliyoamini kwamba Majuto alikuwa tu mzee mchekeshaji kwa asili, kwamba uso ule alizaliwa nao na hakuwa akifanya kazi yoyote, ilikuwa imekwisha kumnyang'anya ujira kabla mfanyabiashara hajaandika mkataba. Dini zote mbili kubwa za Pwani zinaamuru mfanyakazi alipwe ujira wake bila kucheleweshwa, na amri hiyo haiwezi kutimizwa kwa mtu ambaye hatukubali kwamba alifanya kazi. Kwa hiyo mashehe na wachungaji wanaotaka kuzungumzia vichekesho kwenye mimbari wana mada nzuri kuliko ile ya kukataza: wafundishe waumini kutofautisha utani na kejeli, na wawaulize kama wamemlipa aliyewachekesha. Nawe msomaji, utakapoitazama tena moja ya filamu hizi, usiizime majina yanapoanza kupita. Yasome, na ukimsifu mtu mbele ya wenzako, mtaje kwa jina lake la kweli pamoja na lile la kuigizia.